Baada ya Mbio Kwisha

Msomaji, ikiwa umepata kupita Garsen wakati wa alasiri, labda umeona jambo lisilomshangaza mtu: masomo yamekwisha, wavulana wako kiwanjani na mpira wao, na wasichana washika njia ya Mto Tana na madumu. Wengi wetu twadhani kwamba msichana aliyekosa mchezo hakukosa kitu. Twende mbali kidogo, mpaka jimbo la Tennessee kule Marekani, tuipime dhana hiyo.

Huko, mwaka wa 1940, alizaliwa Wilma Rudolph, mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba mmoja. Utotoni alipatwa na polio, mguu wake wa kushoto ukadhoofu, akawa hatembei ila kwa kutegemezwa na vyuma. Zama zile ubaguzi wa rangi ulitawala kusini mwa Marekani, kwa hiyo mama yake alimpeleka kwa basi mpaka Nashville, yapata kilomita 80, kwenye hospitali iliyowapokea watu weusi. Alipopona, akaingia katika mpira wa kikapu shuleni. Hapo ndipo alipoonwa na Ed Temple, mwalimu wa riadha wa chuo cha Tennessee State. Mwaka wa 1956, akiwa bado mwanafunzi wa shule, alipata nishani ya shaba huko Melbourne. Na mwaka wa 1960, mjini Roma, akanyakua dhahabu tatu.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi naona sehemu iliyo bora ndiyo inayofuata. Chuo kile hakikuwa na fedha za kuwalipia wakimbiaji wake. Walifanya kazi chuoni muda wa saa mbili kila siku ili wapate karo. Katika wasichana 40 wa Temple waliofika Olimpiki, 39 walihitimu masomo yao. Kumbuka kwamba mama yake Wilma alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa wazungu, na binti mweusi wa kusini hakutazamiwa kupata kazi nyingine. Wilma alihitimu mwaka wa 1963, akawa mwalimu.

Mwaka wa 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza shule zipatazo fedha za serikali zisiwabague wasichana, hata michezoni. Wakati huo wasichana waliocheza katika shule za sekondari hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni tatu. Lakini sheria hailimi kiwanja, na shule za weusi maskini zilibaki nyuma.

Kwetu Kenya, wasichana walikimbia Olimpiki mara ya kwanza huko Mexico mwaka wa 1968. Pwani ilingoja zaidi. Mwaka wa 2001 chama cha Moving the Goalposts kilianza Kilifi kuwachezesha wasichana kandanda, nao wenyewe wakafunzwa kuwa waamuzi na walimu wa mchezo. Aliyekuwa na miaka 15 siku zile, leo ni mama mtu mzima.

Kutoka Kilifi, barabara ile ile yafika Garsen. Najua mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, viwanja hugeuka maziwa. Lakini haufuriki mwaka mzima. Na ukiniuliza ni nani atakayeteka maji binti akiwa mchezoni, nitakujibu kwamba wale wavulana nao wana mabega, na dumu la lita 20 halichagui mchukuzi.