Ng'ombe Watatu kwa Maji ya Mlimani

Wahenga walisema amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Kila ninaposoma historia ya malisho ya San Martín, huwa nabishana nao kidogo.

Malisho hayo yako juu ya milima ya Pyrenees, pale njia inapokatiza mpaka wa Hispania na Ufaransa, mita zipatazo 1,760 kutoka usawa wa bahari. Kusini liko bonde la Roncal, kaskazini bonde la Barétous. Theluji ikiyeyuka nyasi huchipua, na wafugaji wa pande zote mbili hupandisha mifugo yao. Shida ni maji. Mlima ule ni wa mawe ya chokaa, umejaa nyufa na mapango, hivyo mvua huzama chini na chemchemi za juu ni chache. Nyasi ni rahisi kugawana, lakini chemchemi moja yataka subira.

Masimulizi ya huko yanasema mwaka 1373 wachungaji wawili, mmoja wa kila bonde, waligombea chemchemi. Mmoja akauawa, ndugu zake wakalipiza, na damu ikaendelea kumwagika. Mwaka 1375 shauri lilipelekwa kwa watu wa Ansó, bonde la jirani katika ufalme wa Aragón, ambao hawakuwa upande wowote. Waliamua kwamba watu wa Barétous watatoa kila mwaka ng'ombe watatu wa miaka miwili, wanaofanana rangi na pembe.

Napenda uamuzi ule kwa sababu haukumfukuza mtu. Roncal walitambuliwa kuwa wenye mlima, na Barétous wakapata kunywesha mifugo yao. Aliyeshinda hakupata kila kitu, na aliyeshindwa hakwenda nyumbani na kiu.

Wakati ule Roncal ilikuwa chini ya ufalme wa Navarra, na Barétous chini ya watawala wa Béarn. Dola zote mbili zimekwisha: Navarra ilitekwa mwaka 1512, Béarn ikaunganishwa na Ufaransa mwaka 1620. Mwaka 1856 Hispania na Ufaransa zilipotia saini mkataba wa mpaka huko Bayonne, ziliyakuta mapatano ya wafugaji yakiwa hai, zikayaacha yaendelee.

Hadi leo, kila tarehe 13 Julai, watu hukutana kwenye jiwe la mpaka namba 262. Meya wa Isaba, kutoka Roncal, huwauliza Wafaransa mara tatu kama wako tayari kutoa ng'ombe, nao hujibu mara tatu kwamba wako tayari. Kisha huweka mikono juu ya jiwe, mmoja juu ya mwingine, wa huku na wa kule, na kutamka mara tatu kwamba amani iendelee. Zamani waliweka mikuki.

Wapo watakaosema haya yamebaki kuwa sherehe ya watalii. Mimi naona swali lile bado lina kazi, maana jirani anayeulizwa kila mwaka hana nafasi ya kusema amesahau. Na kuanzia tarehe 10 Julai, kwa siku 28, ng'ombe wa Barétous huvuka mpaka, wakala nyasi na kunywa maji ya Roncal.