Shauri, Moyo na Nasaba: Kumbukumbu ya Wahenga katika Mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi

1.0 Utangulizi

Mtunzi wa utenzi wa jadi akaribiapo tamati huwa na jambo moja asilolisahau. Hujitaja jina, akataja nasaba yake na mji wake, mara nyingi akaweka na mwaka, kisha akamsihi msomaji amwombee dua. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, hakuiacha desturi hiyo alipomtungia bintiye Mwana Hashima wasia wake mwaka 1858. Leo jina lake linatajwa katika madarasa yetu na watu wasio na udugu naye wa damu wala wa mji. Kwa hakika amepata alichokiomba.

Makala haya yanauliza swali linalotokana na upande wa pili wa desturi hiyo. Je, mtu asiyetunga utenzi, asiyeandikwa na wengine, na ambaye hata nyumba aliyofia ndani yake hakuruhusiwa kuirithisha, hukumbukwa kwa njia gani na vizazi vinavyomfuata? Swali hili tutalijadili kwa kuuangalia mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, yaani Shauri Moyo. Tunadai kwamba historia ya mtaa huu inatulazimu kuitazama upya dhana ya wahenga kama inavyotumika katika uhakiki wa fasihi yetu, kwa kuwa kuna tofauti kubwa kati ya jina lililosahaulika kwa kupita miaka na jina lililoondolewa kwa amri.

2.0 Kutoka Pangani hadi Shauri Moyo

Kabla ya Shauri Moyo kulikuwako Pangani. Kijiji hiki, chenye jina lile lile la mji wa kale wa pwani ya Tanga, kilikuwa miongoni mwa makazi ya mwanzo ya Waafrika katika Nairobi ya kikoloni. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, nao walijijengea nyumba za Kiswahili, zenye vyumba pande mbili za ukumbi, ambavyo mwenye nyumba aliweza kuvipangisha. Serikali haikuwahi kukiona kijiji hiki kuwa kitu cha kudumu. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika, nia ilikuwa kwamba vijiji kama Pangani vitoweke. Hata hivyo Pangani ilisimama hadi mwaka 1938 na 1939, ilipobomolewa. Shauri Moyo ilijengwa na Baraza la Manispaa ili kuwapokea waliohamishwa.

Tafiti mbili zimetufumbua macho kuhusu waliokuwa wenye nyumba hizo. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975, na Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Nairobi ya awali walikuwa wanawake walioondoka kwao, wakajitafutia riziki mjini kwa njia mbalimbali ukiwemo umalaya, wakajenga kwa fedha zao wenyewe. Wengi walisilimu. Baadhi yao, hasa wasiokuwa na watoto, walijiteulia warithi: msichana waliyemlea, mwanamke mwenzao mdogo kwa umri, au mtoto wa rafiki. Kwa njia hiyo nyumba haikurudi kwa baba na kaka waliobaki vijijini. Ilibaki Pangani, mikononi mwa mtu aliyechaguliwa.

Tusilichukulie jambo hili kuwa suala la mali peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke aliyezaliwa Wanjiru na kufa akiitwa Halima. Kwa desturi ya Agĩkũyũ, jina la bibi hurudi kwa mjukuu, na ndivyo ukoo unavyojirudia. Wanjiru asiyezaa na asiyerudi kwao hana mjukuu wa kumrudishia jina. Lakini Halima wa Pangani ana mrithi. Mrithi huyo ndiye atakayesimamia mazishi, atakayepika siku ya hitima, atakayehesabu hadi arubaini na kuwaita majirani waje kusoma. Nyumba ndiyo iliyomweka mrithi mahali pamoja, na kodi ya vyumba ndiyo iliyonunua mchele wa hitima. Kwa maneno mengine, nyumba ya Pangani ilikuwa chombo cha kumbukumbu.

Ni katika nuru hiyo tunapaswa kuyapima masharti ya kuhamia Shauri Moyo. Wenye nyumba wa Pangani walipewa haki ya kukaa katika nyumba mpya kwa muda wa maisha yao tu. Mwenye nyumba akifa, nyumba ni ya Manispaa. Baraza halikuwanyima makao. Liliwanyima kurithisha, na kwa kufanya hivyo lilikata uzi uliomfunga marehemu na mtu wa kumtaja.

3.0 Jina la Mtaa kama Matini

Ikiwa hali ilikuwa hiyo, jina Shauri Moyo tulisomeje? Kisarufi tungetarajia ‘shauri la moyo’, lakini kiunganishi kimedondoka, nayo maneno mawili yamebaki yakitazamana. Udondoshaji huo unaruhusu fasiri zaidi ya moja. Kwanza, shauri ni jambo linalomhusu mtu mwenyewe, kama tusemapo ‘shauri yako’. Kwa maana hiyo kuhama ni hiari: atakaye aende, asiyetaka na akae. Pili, katika Kiswahili cha utawala wa kikoloni, shauri lilikuwa kesi au jambo lililopelekwa barazani mbele ya afisa, na mara nyingi lilikwisha kuamuliwa kabla ya mhusika kusikizwa. Tatu, shauri ni nasaha, na moyo ndio unaonasihiwa.

Fasiri hii ya tatu inamkumbusha msomaji wa fasihi ya Kiswahili utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauhutubia moyo wake na kuutaka uzingatie magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na wageni, na watu waliokwisha kushuka makaburini. Hatudai kwamba waliolipa mtaa huu jina walikuwa na utenzi huo akilini. Lakini Shaurimoyo ni jina la mahali Unguja na Dar es Salaam pia, kwa hiyo tuna haki ya kulisoma katika mapokeo mapana ya lugha, ambamo moyo ndio hushauriwa nyumba zinapoanguka.

Ulinganishi huu una faida zaidi pale unapokataa kukamilika. Katika Al-Inkishafi majumba yanaanguka baada ya wenyewe, na kauli inayoyaangusha ni ile isiyo na rufani, ya Mwenyezi Mungu. Moyo unanasihiwa ujifunze. Pangani iliangushwa wenyewe wangali hai, na kauli iliyoiangusha ilikuwa ya kamati. Mtu akiambiwa auambie moyo wake utulie mbele ya amri ya Mungu, hiyo ni hekima. Akiambiwa hivyo mbele ya amri ya Manispaa, hapo nasaha imekuwa jina jingine la kulazimishwa.

4.0 Sasa, Zamani na Mnara Usio na Majina

John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), aliyatumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza nafasi ya marehemu katika fikra za Kiafrika. Kwa maoni yake, aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yupo amkumbukaye kwa jina, kwa vizazi vinne au vitano hivi. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika zamani, miongoni mwa roho zisizo na majina. Okot p’Bitek na wengine wamemhoji Mbiti kwa kuivisha imani ya Mwafrika mavazi ya kigeni. Hoja yetu ni ndogo kuliko hiyo. Mbiti anachukulia kwamba mtajaji wa jina ni jamaa wa damu, na kwamba kusahau hutokea kwa kupita kwa wakati peke yake. Shauri Moyo inatia shaka katika yote mawili. Hapa mtajaji aliweza kuwa mtu wa kuchaguliwa, na kusahau kuliharakishwa na hati.

Ushahidi wa pili hauko mbali. Mtaa jirani wa Kariokor una jina lililotoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Ndani ya Shauri Moyo kwenyewe lipo soko la Burma, ambalo jina lake linakumbusha nchi walikopigana askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili. Na katikati ya jiji, katika barabara iliyoitwa Delamere na sasa Kenyatta, zimesimama tangu mwaka 1928 sanamu tatu za shaba za askari na wapagazi. Maandishi yaliyo chini yake, ambayo Kiingereza chake kilitungwa na Rudyard Kipling na ambayo yamewekwa kwa Kiswahili pia, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao.

Msomaji akilizunguka jiwe lile hataona jina hata moja la mpagazi. Ahadi imeandikwa, lakini kilichoahidiwa hakikuandikwa. Ripoti iliyotolewa mwezi wa Aprili 2021 na Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo hiyo inaonyesha kuwa miongoni mwa watawala wa makoloni walikuwako walioona kwamba Mwafrika wa kawaida hangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Wakati yakisemwa hayo, watu wa Pangani walikuwa wakisomeana hitima.

Hapa panazuka pingamizi la haki. Je, Kiswahili chenyewe hakiwaheshimu wahenga bila kuwataja? Tusemapo ‘wahenga walisema’, hatuulizi ni mhenga gani. Ni kweli, lakini methali haina jina kwa sababu imekubaliwa na wote kuwa yao. Aliyeinena ameingia katika sauti ya umma kwa heshima, na maneno yake ndiyo yaliyobaki. Mpagazi hakuachiwa maneno wala jina. Kumwita mhenga bila kwanza kuuliza ni nani aliyelifuta jina lake ni kuigeuza heshima kuwa kifuniko.

5.0 Hitimisho

Katika miaka ya 2020 Shauri Moyo imetajwa miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands inayolengwa na mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Makala haya hayapingi nyumba mpya, kwani paa linalovuja halimheshimu mhenga yeyote. Lakini mtaa uliozaliwa kutokana na ubomoaji hauwezi kubomolewa tena kana kwamba hauna kumbukumbu ya ule wa kwanza. Jina litabaki kwenye ramani, kama vile Pangani ilivyobaki kuwa jina la mtaa mwingine. Jina la mahali, hata hivyo, halimtaji mtu. Kariokor imetunza kumbukumbu ya kikosi bila kumtunza mpagazi hata mmoja.

Idara zetu zimezoea kupeleka wanafunzi Lamu na Pate kutafuta miswada, na ni vyema ziendelee. Pamoja na hayo, iko kazi isiyohitaji nauli kubwa: kuandika, kwa ridhaa ya wahusika, nasaba za kuchaguliwa za familia zilizotoka Pangani, nani alimlea nani, nani alimrithi nani, na ni majina gani yanayosomwa siku ya hitima. Orodha ya hitima ni matini. Ina mpangilio wake, ina wanaotangulizwa na wanaofuata, na husomwa kwa sauti mbele ya hadhira inayoitikia. Kwa vigezo vyetu wenyewe vya fasihi simulizi hatuna sababu ya kuiacha nje.

Mwana Kupona aliomba dua kwa maandishi, nasi tunaisoma. Wanawake wa Pangani waliiomba kwa kumteua mtu na kumwachia nyumba. Nyumba ilichukuliwa. Ombi lao halijajibiwa, nalo sasa limo mikononi mwa wanaojua kusoma na kuandika.