Mtoto akiumia kwenye trampolini, dhima ni ya nani?

Kila shule zinapofungwa, viwanja vya burudani katika miji mikubwa nchini hufurika watoto. Trampolini na makasri ya kujazwa upepo ndiyo huvutia wengi zaidi. Aghalabu watoto hao hurejea nyumbani wakiwa wamechoka tu. Wachache huishia hospitalini wakiwa wamevunjika mkono au mguu, na hapo ndipo mvutano huanza: mzazi anadai fidia, naye mwenye biashara anamwonyesha bango linalosema kila aingiaye huingia kwa hiari yake.

Bango peke yake halimalizi ubishi huo. Sheria ya Dhima ya Wakaliaji wa Majengo (Sura ya 34) inamtaka mkaliaji kuchukua tahadhari zote za busara ili mgeni awe salama anapotumia mahali hapo kwa shughuli iliyomleta. Mkaliaji si lazima awe mwenye hatimiliki. Ni yule anayedhibiti mahali. Kwa hivyo, mwenye jumba la maduka na mpangaji wake anayeendesha trampolini wanaweza kushtakiwa pamoja, kila mmoja kwa sehemu aliyokuwa akiidhibiti.

Sheria hiyo inatamka wazi kuwa mkaliaji anapaswa kutarajia watoto wasiwe waangalifu kama watu wazima. Onyo nalo humwokoa tu iwapo lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kumwandikia mtoto wa miaka mitano, asiyejua kusoma, kwamba asipige mbinu za samasoti si onyo la kutosha. Panahitajika mhudumu wa kumsimamisha.

Sababu za ajali hizi zinajulikana. Taarifa ya Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani ya mwaka wa 2012 ilisema takriban robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa pamoja, na kwamba mdogo zaidi ndiye huumia mara nyingi. Mwaka wa 2022 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilichapisha kiwango nambari 23659 kuhusu usalama wa viwanja vya trampolini. Mwenye biashara anayewaacha vijana wa miaka 16 waruke pamoja na watoto wa chekechea atapata taabu kuieleza mahakama kwamba hakuitarajia hatari hiyo.

Je, fomu ambayo mzazi hutia sahihi mlangoni? Sheria ya Kenya inamruhusu mkaliaji kupunguza wajibu wake kwa makubaliano, pale anapokuwa huru kufanya hivyo. Hata hivyo, masharti lazima yajulikane kabla ya malipo. Mwaka wa 1971, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kumlinda mwenye eneo la kuegesha magari aliyetegemea masharti yaliyotajwa kwenye tiketi iliyotolewa na mashine, mteja akiwa tayari amejifunga. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila hunukuliwa mara kwa mara. Isitoshe, sheria inasema mkataba hauwezi kupunguza wajibu wa mkaliaji kwa mtu asiye mshirika wa mkataba huo, ikiwa mkataba wenyewe unamlazimisha mkaliaji kumruhusu aingie. Wakili wa mtoto anaweza kujenga hoja hapo, kwani aliyetia sahihi ni mzazi.

Lakini si kila jeraha lina wa kulaumiwa. Mwaka wa 2008, mahakama hiyo hiyo ya Uingereza iliwaondolea lawama wazazi waliokodi kasri la upepo kwa sherehe ya kuzaliwa, ambapo mvulana wa miaka 11 aliumia vibaya kichwani baada ya kugongwa na mwenzake wa miaka 15. Majaji walisema haiwezekani kuwachunga watoto bila kupepesa macho. Ikumbukwe kuwa hao walikuwa wazazi, si wafanyabiashara wanaotoza kiingilio. Uingereza hiyo hiyo, wahudumu wawili wa uwanja wa burudani walifungwa miaka 3 kila mmoja mnamo 2018, baada ya kasri walilokuwa wakiliendesha kupeperushwa na upepo mjini Harlow mwaka wa 2016 na kumuua msichana wa miaka saba.

Kwa mzazi, ushahidi hupotea haraka. Apige picha mahali hapo, achukue majina ya walioshuhudia, na aombe tukio liandikwe kwenye kitabu cha ajali. Kila risiti ya hospitali na dawa ihifadhiwe, kwani gharama maalum hazilipwi zisipotajwa kwenye madai na kuthibitishwa. Mtoto hushtaki kupitia mtu mzima anayemwakilisha, kwa kawaida mzazi. Madai ya uzembe huwasilishwa ndani ya miaka 3. Zipo nafuu kwa walio chini ya umri wa miaka 18, lakini zina masharti, na si busara kuzitegemea.

Mahakama ya Madai Madogo inaweza kusikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, ikiwemo fidia ya majeraha, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kuhusu upana wa mamlaka hayo. Wengi wa mawakili bado hupeleka kesi hizi kwa hakimu wa kawaida.