Motokaa Kongwe ya Kimarekani

Mkokoteni wa punda huvutwa, toroli la mjenzi husukumwa. Tofauti hiyo, ewe msomaji, ndiyo iliyozigawa motokaa za Marekani makundi mawili, na hata leo mfanyakazi wa huko atakaye motokaa kuukuu ya kumpeleka kazini kila siku hana budi kuchagua moja. Motokaa ya kuvutwa hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya mbele. Motokaa ya kusukumwa huzipitisha nguvu hizo katika chuma kirefu cha mviringo kilicholala chini ya sakafu, ambacho mafundi wetu hukiita propela shafti, mpaka kwenye difu, nayo difu huzigawia magurudumu mawili ya nyuma. Peugeot 504, ambazo kwa miaka mingi zilibeba abiria baina ya miji yetu, zilikuwa za kusukumwa. Nakumbuka utotoni, gari letu liliponasa katika tope, dereva aliwaamuru abiria wawili wanene wahamie kiti cha nyuma kabisa. Sisi watoto tulicheka. Yeye alijua alitendalo, maana gurudumu lisiloelemewa huzunguka bure.

Nataka tutazame kwa nini motokaa za kusukumwa zilikaribia kutoweka Marekani, kwa nini aina chache zikasalia, na kama mtu mwenye akili zake angefanya vema kununua mojawapo ikiwa imekwisha kuzeeka.

Mpaka mwanzo wa miaka ya 1970 karibu kila motokaa ya Kimarekani ilikuwa ya kusukumwa. Ilikuwa ndefu na nzito, na mara nyingi mwili wake ulifungwa kwa bolti juu ya chesisi, yaani mifupa ya chuma inayojitegemea, kama kitanda kinavyobeba godoro. Petroli ilikuwa rahisi, wala hakuna aliyejishughulisha kuihesabu. Kisha, Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Waisraeli, nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliacha kuiuzia Marekani. Bei ya pipa moja, iliyokuwa dola 3 hivi, ilikaribia 12 mwanzoni mwa 1974. Watu waliozoea kujaza tangi bila kuuliza bei walijipanga foleni tangu alfajiri. Desemba 1975 ikatungwa sheria iliyovilazimisha viwanda vitengeneze motokaa zisizonywa mafuta mengi: kwa wastani kilomita 7 na nusu hivi kwa lita katika mwaka 1978, na karibu kilomita 12 ifikapo 1985.

Wahandisi wangepunguza uzito kwa njia gani? Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana Ulaya. Wafaransa wa Citroën walikuwa wakiuza motokaa ya kuvutwa tangu 1934, na mwaka 1959 Waingereza walitoa Mini, ambayo injini yake imelazwa upande upande. Ukiilaza injini hivyo, pua ya motokaa huwa fupi. Propela shafti haihitajiwi tena, na sakafu hukaa chini bila nundu katikati. Abiria hupata nafasi ile ile katika motokaa iliyo ndogo na nyepesi. General Motors walitoa Chevrolet Citation mwaka 1979, na katikati ya miaka ya 1980 hata Cadillac kubwa zilianza kuvutwa. Chrysler nao waliacha kutengeneza motokaa za kusukumwa za milango minne mwaka 1989, wasizirudie kwa miaka mingi.

Ungedhani habari imekwisha hapo. Walakini walikuwako wanunuzi wawili waliokataa kufuata mkumbo, nao ni polisi na wenye teksi. Hao hawakuipenda motokaa ya zamani kwa ajili ya mazoea; walikuwa na hesabu zao. Motokaa ya polisi hupanda ukingo wa barabara kwa kishindo, hugonga na kugongwa, na hukaa saa nyingi injini ikinguruma mahali pamoja. Ya teksi hufanya kazi mchana na usiku kwa zamu za madereva. Siku ambayo motokaa imelala gereji ni siku isiyoleta hata senti moja. Basi walitaka chesisi nene, springi imara, bawa linalofunguliwa kwa bolti likabadilishwa, na vipuri visivyogeuzwa kila mwaka, ili fundi aliyejifunza kazi juu ya moja aweze kuzitengeneza zote. Motokaa za kuvutwa za siku zile hazikuwapa hayo.

Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazee waliopenda kuketi kwa starehe, Chevrolet Caprice iliendelea kutengenezwa mpaka 1996. Mwaka huo General Motors waliamua kwamba kiwanda chao cha Arlington, Texas, kingeleta faida zaidi kikitengeneza magari makubwa ya kifamilia yenye asili ya lori. Hapo Ford wakabaki peke yao sokoni kwa miaka kadhaa.

Motokaa yao iliitwa Crown Victoria, na ndugu zake wawili walikuwa Mercury Grand Marquis na Lincoln Town Car. Chesisi ya aina yao ilianza kuuzwa mwaka 1978, na kuanzia 1991 Crown Victoria ilipewa injini mpya ya lita 4.6 yenye silinda 8. Urefu wake ulikuwa karibu mita 5.4, na uzito kilo 1,800 hivi. Ilitengenezwa karibu na mji mdogo wa St. Thomas, Ontario, nchini Kanada. Mji huo una habari nyingine inayotuhusu sisi watu wa Afrika, nami siwezi kuipita: ndipo alipouawa Jumbo, ndovu wa Afrika aliyetembezwa na kampuni ya maonyesho, alipogongwa na gari la moshi tarehe 15 Septemba 1885.

Tarehe 15 Septemba 2011, siku ile ile ya mwezi, kiwanda kilifungwa. Zaidi ya wafanyakazi elfu moja walipoteza kazi, na Crown Victoria ya mwisho ilipelekwa Saudi Arabia, kwa kuwa watu wa nchi za Ghuba walizipenda sana motokaa kubwa za Kimarekani. Huko Marekani kwenyewe raia wa kawaida hakuweza kuinunua ikiwa mpya tangu toleo la 2008. Iliuzwa kwa polisi, teksi na idara tu. Tena sheria ilitaka kila motokaa mpya, kuanzia Septemba 2011, iwe na mtambo wa kuizuia isiserereke kwenye kona, na Crown Victoria haikuwa nao.

Sasa jiweke katika nafasi ya kijana wa mji mdogo wa Ohio. Kiwanda anachofanyia kazi kiko kilomita 20 kutoka kwake. Basi hakuna, na akichelewa mara tatu atafukuzwa. Fedha alizo nazo ni kidogo. Kwenye mnada wa manispaa anaiona Crown Victoria iliyostaafu polisi, na kando yake motokaa ndogo ya kuvutwa ya umri ule ule. Achukue ipi?

Na apige hesabu kwanza. Ikiwa atakwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, na ile kubwa humpa kilomita 8 kwa lita, atachoma lita 2,500. Ndogo ikimpa kilomita 12, atachoma lita 1,670 hivi. Lita 830 ni kodi atakayolipa kila mwaka kwa ajili ya ukubwa. Kwa upande wa pili, ile kubwa ina injini iliyozoewa na mafundi wengi na vipuri vilivyojaa kila mahali. Nafasi chini ya boneti humruhusu mtu kuingiza mikono yote miwili, na kijana mwenye spana zake anaweza kufanya mengi mwenyewe uani. Kwa maoni yangu, anayekwenda mwendo wa wastani na aliye tayari kuchafua mikono hatajuta kuichagua. Lakini kama kazi yake ingekuwa mbali mara mbili, ningemwambia achukue ndogo bila kusitasita.

Aibu zake pia azijue. Tangi la petroli limewekwa nyuma ya ekseli, na askari kadhaa waliungua hadi kufa walipogongwa kwa nyuma na magari yaendayo kasi. Mwaka 2002 Ford walikubali kuzitia motokaa za polisi ngao za kulikinga tangi. Katika injini nyingi za miaka ya 1996 hadi 2001, bomba la plastiki la kuingizia hewa, ambalo hupitisha pia maji ya kupoza injini, lilipasuka likamwaga maji; baadaye likatengenezwa lenye sehemu ya mbele ya alumini. Na wakati wa theluji huupata ugonjwa ule ule wa Peugeot yetu katika tope: injini nzito iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma chini ya buti tupu. Wenyeji hutia mifuko ya mchanga katika buti, na wenye busara huongeza matairi ya baridi.

Motokaa iliyokuwa ya polisi hutambulika kwa alama P71 katika nambari ya chesisi, ambayo katika miaka ya mwisho ilikuwa P7B. Kilomita zilizoandikwa kwenye kipimo chake hazisemi kweli yote, kwani injini iliyonguruma usiku kucha kando ya barabara imechakaa bila kusogea. Baadhi ya zile za miaka ya mwisho zina kipimo cha pili kinachohesabu saa za injini, nacho ndicho cha kusoma kwanza. Kisha alale chini akiwa na tochi, kwa sababu katika majimbo ya kaskazini barabara hutiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma. Rangi inaweza kung'aa hali chesisi imeliwa. Agongegonge kwa nyundo ndogo tangu mbele mpaka nyuma, hasa juu ya ekseli, akisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na unga mwekundu humwangukia usoni.