Picha Zisizo na Majina: Vita vya 1914–1918 Usambara na Kalamu za Wanafunzi

Barabara itokayo Mombo hupinda na kupinda ubavuni mwa mlima hadi Lushoto, mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Vita Vikuu vya Kwanza havikuwa habari za mbali hapa. Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha majeshi yao ya Kihindi Tanga, Lettow-Vorbeck aliwaleta askari wake kutoka Moshi kwa gari moshi lililopita chini ya milima hii. Juni 1916 Waingereza wakautwaa mji wenyewe.

Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto wa Lushoto habari hizi hakosi picha. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, alifuatana na jeshi la nchi yake hadi alipotekwa. Picha zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani, Koblenz, na tangu 2008 nyingi zaweza kutazamwa kwenye intaneti. Ni nzuri mno, na hapo ndipo penye mtego. Kamera za zama zile zilikuwa nzito, na aghalabu mtu aliambiwa asimame atulie. Mwaka 1932 Dobbertin alitoa kitabu cha picha za askari wa Lettow-Vorbeck, wakati ambapo Wajerumani wengi walikuwa wakidai warejeshewe makoloni. Basi kabla ya kuuliza nani yumo pichani, mwanafunzi na aulize nani alikuwa nyuma ya kamera, na akitaka kumwonyesha nani.

Kisha ashike kalamu. Picha humtaja afisa kwa jina na cheo. Mwenye mzigo kichwani ni "mpagazi" tu. Mwanafunzi akiambiwa amwandikie mtu huyo barua ya kwenda nyumbani, huenda akamfanya shujaa wa sinema. Mwulize kwanza mambo madogo: mzigo wa ratili 60 unaumiza wapi baada ya siku tatu? Mahindi yaliyoachwa shambani yalivunwa na nani? Aliyeugua tumbo la kuhara njiani aliachwa na nani?

Wapo watakaosema kuwa kubuni si historia. Sisi wa pwani hatuna haki ya kusema hivyo. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya 1888–1889, na tungo hiyo husomwa hadi leo kama ushahidi. Ila yeye aliishi miongoni mwa waliokuwapo. Mtoto wa leo yuko mbali nao kwa zaidi ya miaka 100, naye anahitaji mkono wa kumwongoza. Mkono huo upo kwa Kiswahili: Mwaka katika Minyororo, kitabu cha Samuel Sehoza kilichotoka 1921. Sehoza alikuwa mtumishi wa misheni ya UMCA, iliyokuwa na kituo Magila, chini ya milima hii hii. Anasimulia jinsi Wadachi walivyowafunga yeye na wenzake, wakiwashuku kuwa upande wa Waingereza. Kisomwe kitabu hicho kando ya picha za Dobbertin, na darasa litaona lenyewe nini hakikupigwa picha.

Wala Waingereza wasiachwe wapite. Dar es Salaam ina Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao cha wapagazi, lakini majina ya wapagazi wenyewe yako wapi? Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Je, mwanafunzi ampe jina mpagazi wa pichani? Mimi naona ampe, tena jina la Kishambaa, lakini chini ya ukurasa aandike kwa mkono wake kwamba jina hilo amelitoa yeye. Kisha barua aende nayo nyumbani, awasomee wazee, na lolote watakalomsahihisha aliandike pembeni kwa wino wa rangi nyingine.