Kihoro na Presha: Kutoka Kisii Hata Zegereni

Katika Kiswahili, mtu aliyepatwa na msiba mkubwa akafa bila ya maradhi ya kuonekana husemwa kuwa amekufa kwa kihoro. Na yule asiyetulia kwa hofu husemwa kuwa ana jakamoyo. Maneno haya yaonyesha kuwa watu wa pwani hawakuwa na shaka kwamba fadhaa ya roho huweza kuufikia moyo ulio kifuani. Katika Uzaramo, nchi ya Kisarawe na Kibaha kilimo kijiji cha Zegereni, aliyeelemewa hakuachwa peke yake: ngoma ya madogoli ilipigwa, na jamaa wakakusanyika kumzunguka. Matabibu wa Kizungu waliyahesabu mambo hayo kuwa ushirikina tu. Lakini neno la kihoro lilirudi kwa mlango mwingine, nalo lilichukua muda kurudi.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kisii, alitangaza vipimo vya msukumo wa damu vya watu 1,000 wa Kavirondo. Aliona kuwa msukumo wao haukupanda baada ya umri wa miaka 40 kama ulivyopanda kwa Wazungu, bali ulielekea kushuka. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 aliyaunganisha maradhi ya namna hii na mashaka ya ustaarabu. Vipimo vyake havina sababu ya kukataliwa. Maelezo yake ndiyo yenye walakini, kwa kuwa wengi walioyapokea walifahamu kwamba Mwafrika wa shamba hana jambo la kumkosesha usingizi. Watu wale walikuwa wamekwisha kuona vita vya 1914 hata 1918, ambavyo wapagazi wengi hawakurudi kutoka kwavyo, na kila mwaka walitakiwa kodi. Kama fadhaa peke yake ingetosha kupandisha damu, Kisii ingalikuwa mahali pa kwanza pa kuitafuta. Chakula kisicho na chumvi nyingi, mwili mwembamba na kazi ya jembe vilikuwa na sehemu yao, na sehemu hiyo si ndogo.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1990 ulilikaribia jambo zaidi. Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi walifuatwa tangu siku za mwanzo za kuhama kwao, wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Msukumo wa damu wa wahamiaji ulikuwa juu zaidi. Walikuwa wakila chumvi zaidi, na uzito wao ulikuwa umezidi. Lakini tena mapigo ya mioyo yao yalikuwa ya haraka zaidi, na wachunguzi wakasema huenda mishipa ya fahamu, ile ifanyayo kazi bila ya amri ya mtu, nayo ilikuwa na mkono katika jambo hilo. Hapo jakamoyo iliingia katika jarida la matabibu, ingawa kwa jina jingine.

Njia yake mwilini ilikwisha kuanza kuelezwa. Walter Cannon wa Marekani alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1915 jinsi hofu na hasira zinavyouandaa mwili kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga dawa yake katika damu, na moyo huenda mbio. Mwaka 1936 Hans Selye akaeleza madhara ya mwili unaosumbuliwa muda mrefu. Lililobaki gizani ni uvimbe, yaani ule mwako wenye joto, wekundu na maumivu ambao mwili huutumia kupigana na vijidudu. Mwaka 2002 Kevin Tracey alieleza kuwa mshipa mrefu wa fahamu utokao ubongoni hata kifuani na tumboni huuzuia mwako huo usipite kiasi. Mwaka 2017 wachunguzi walipiga picha za ubongo, wakaona kuwa wale ambao sehemu yao ya hofu ilifanya kazi zaidi walikuwa na uvimbe zaidi katika mishipa ya damu, na baadaye walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Mwaka huo huo dawa ya kupunguza uvimbe, isiyogusa mafuta ya damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 10,000. Mashambulio ya moyo yalipungua, lakini vifo vya maambukizo vikaongezeka. Habari hiyo ya mwisho yafaa kukumbukwa katika nchi ya malaria, maana mwako huo ni mlinzi pia.

Na je, shamba lina amani? Hesabu ya vifo vya kiharusi iliyofanywa Tanzania kati ya 1992 na 1995 ilionyesha kuwa katika watu wa umri wa miaka 15 hata 64, wanaume wa Dar es Salaam walikufa 65 kwa kila 100,000 kwa mwaka, wa Hai 44, na wa Morogoro vijijini 35. Huko England na Wales walikuwa kama 11. Basi kijiji kilikuwa na vifo mara tatu ya Ulaya, na sababu kubwa, kwa maoni ya wachunguzi, ilikuwa msukumo wa damu usiotibiwa. Miaka 66 tu ilipita tangu Donnison.

Zegereni haiko mbali na barabara kuu iendayo Morogoro. Hospitali ya Tumbi, iliyo jirani, ilianza kama kituo cha afya cha mradi wa Kibaha uliofunguliwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, nao ulikabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Katikati ya miaka ya sabini vijiji vilipangwa upya. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na watu wengi nchini waliacha minazi na makaburi ya wazee wao. Katika miaka ya karibu ardhi ya Zegereni imetengwa kwa viwanda. Mjaluo wa uchunguzi ule alipanda gari kwenda Nairobi, na siku ya safari yake yaweza kuandikwa. Mzaramo wa Zegereni hakusafiri. Mji ndio uliomjia, na chumvi yake, na zamu zake za usiku, na daktari atakayemfunga kipimo mkononi hana siku ya kuanzia kuhesabu.