Alizeti za Dafen

Oda ilikuja saa tano usiku. Insha ya maneno 2500 kuhusu kukua kwa tasnia za utamaduni katika mji mmoja wa China, mji wowote ule, itumwe kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye insha alikuwa mwanafunzi wa chuo fulani ng'ambo. Sikujua jina lake, naye hakujua langu. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo, na kazi ya kuwaandikia wengine ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba. Wengi wetu hapa Nairobi tumeipitia, ingawa si jambo la kumtangazia mama yako.

Nilichagua Shenzhen kwa uvivu tu. Simu yangu ni Tecno, na nilijua kampuni inayozitengeneza ina makao yake huko. Nikapanga niandike habari za viwanda, nibandike neno "utamaduni" hapa na pale, nilale. Kufikia saa nane usiku nilikuwa nimekwama kwenye kijiji kimoja ndani ya mji huo kiitwacho Dafen, na kusema kweli sijatoka huko mpaka leo.

Hadithi ya Shenzhen inayosimuliwa kila mahali ni hii: palikuwa na kijiji kidogo cha wavuvi mpakani na Hong Kong, mwaka 1980 serikali ikapatangaza kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, kufumba na kufumbua, jiji likaota. Sehemu ya jiji kuota ni kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 17. Ila sehemu ya kijiji kitupu ina walakini. Msanifu majengo Juan Du, katika kitabu chake The Shenzhen Experiment cha mwaka 2020, anaonyesha kwamba eneo hilo, lililoitwa Bao'an, lilikuwa na mamia ya maelfu ya watu, na masoko, na vijiji vyenye historia ya karne nyingi. Dafen ni kimojawapo cha vijiji hivyo, kijiji cha Wahakka wapatao mia tatu tu.

Nasema haya mapema kwa sababu ukiamini kwamba mji ulianza bila kitu, utaamini pia kwamba utamaduni wake uliletwa na ofisi fulani, kwa barua yenye muhuri. Mambo hayakwenda hivyo.

Miaka ya mwanzo, Wachina wengine waliuita mji huu jangwa la utamaduni. Watu walienda huko kushona nguo, kuunganisha redio na kumwaga zege. Nani alikuwa na wakati wa michoro? Mji ulipoanza kujitafutia sura, ulianza kwa kunakili. Mwaka 1989 ilifunguliwa bustani iitwayo Splendid China, ambamo majengo mashuhuri ya nchi yamejengwa kwa udogo. Mwaka 1994 ikafuata Window of the World, yenye mapiramidi ya Misri na mnara wa Eiffel wa mita 108, theluthi moja ya ule wa Paris. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye pasipoti ilikuwa ndoto kwake aliizunguka dunia kwa tiketi moja. Ni rahisi kucheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nikakumbuka kwamba nami nilikuwa naizunguka Shenzhen kwa bando la intaneti la shilingi hamsini.

Mwaka huohuo wa 1989, mchoraji na mfanyabiashara wa Hong Kong aitwaye Huang Jiang alihamia Dafen na kundi dogo la wachoraji. Hakufuata utulivu wa kisanaa. Gharama za Hong Kong zilikuwa zimepanda, na wateja wake wa ng'ambo walitaka picha nyingi kwa bei ya chini. Dafen ilimfaa kwa sababu ya mahali ilipo. Ukanda maalumu ulizungushiwa ua, na Mchina wa kutoka mikoa mingine alihitaji kibali ili aingie. Dafen ilikuwa nje kidogo tu ya ua huo. Kijana kutoka kijiji cha mbali angeweza kufika, kupanga chumba cha bei nafuu na kuanza kazi bila kuulizwa karatasi, huku Hong Kong na bandari yake ikiwa pale karibu. Huang Jiang akawafundisha vijana hao, nao wakawafundisha ndugu zao.

Biashara yenyewe ilikuwa ya zamani. Karne ya 18 na ya 19, wachoraji wa Guangzhou, jirani tu hapo, walikuwa wakiwachorea mabaharia na wafanyabiashara wa Ulaya picha za mtindo wa Kizungu ili warudi nazo kwao. Dafen iliurudisha mnyororo huo kwa kipimo kikubwa zaidi. Wanunuzi sasa walikuwa maduka makubwa ya Marekani, hoteli, na watu wenye sebule mpya zenye kuta tupu. Waliyemtaka zaidi ni Vincent van Gogh. Alikufa mwaka 1890, kwa hiyo hakuna wa kudai hakimiliki, na alizeti zake zinaendana na kochi la rangi yoyote.

Kazi yenyewe iko hivi. Rangi ya mafuta hukauka polepole, kwa hiyo mchoraji wa oda kubwa hamalizi picha moja ndipo aanze nyingine. Anatundika kanvasi kadhaa ukutani, anapaka rangi ya nyuma kwenye zote, kisha anarudi ya kwanza kuweka chombo cha maua, kisha majani, kisha manjano. Kanvasi nyingine zinaning'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Malipo ni kwa picha. Dalali analeta oda, anachukua chake, na mara nyingi juu yake kuna dalali mwingine anayechukua chake pia. Jina kwenye picha, kama lipo, si la aliyeichora.

Nilipofika hapo usiku ule, nilisimama nikaenda kuchemsha chai. Mimi nilikuwa nalipwa kwa ukurasa. Akaunti niliyoitumia kupokea oda ilikuwa ya jamaa mwingine, naye alikata asilimia yake kabla sijaona senti.

Magazeti ya nje yaliipenda sana Dafen. Takwimu iliyorudiwa tena na tena ni kwamba asilimia 60 ya michoro ya mafuta ya dunia nzima ilitoka pale. Sijui nani aliihesabu dunia nzima. Wakaandika pia kwamba ni kiwanda chenye mstari kama wa kuunganisha magari: huyu anachora macho, yule miti, mwingine mawingu. Mwanahistoria wa sanaa Winnie Wong alienda kukaa na wachoraji hao, na kitabu chake Van Gogh on Demand, kilichotoka 2013, kinaivunja picha hiyo. Alichokuta kwa kawaida ni watu wanaofanya kazi nyumbani au kwenye vyumba vya kupanga, mke na mume na shemeji, kila mmoja akijitegemea, akiitengeneza picha nzima kwa mikono yake, akikubali oda hii na kukataa ile. Watu hao walikuwa mafundi, na hilo mstari wa kiwanda hauwezi kulieleza.

Sasa serikali inaingia, ikiwa imechelewa miaka kumi na tano hivi. Mwaka 2002, mkutano mkuu wa 16 wa Chama cha Kikomunisti ulitenganisha utamaduni unaotunzwa na dola na utamaduni unaoendeshwa kama biashara. Kutoka hapo, "tasnia za utamaduni" likawa neno la kila ofisi. Shenzhen, yenye pesa nyingi na sifa ya jangwa, ililidaka haraka. Mwaka 2003 ikatangaza kwamba utamaduni utakuwa nguzo ya mji. Mwaka 2004 ikaandaa maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya tasnia za utamaduni, na Dafen ikawekwa kuwa mojawapo ya vituo vyake. Vichochoro vikasafishwa, kuta zikapakwa rangi. Mwaka 2007 kijiji cha wanakili kikapata makumbusho ya sanaa ya kisasa. Upande mwingine wa mji, mwaka huohuo, maghala na viwanda vya zamani vya eneo la OCT vikafunguliwa upya kuwa ofisi za wabunifu na kumbi za maonyesho. Mwaka 2008 UNESCO ikaipa Shenzhen hadhi ya mji wa ubunifu wa usanifu, wa kwanza nchini China.

Kuna jambo moja la kipindi hicho ambalo bado linanishangaza. Serikali iliandaa mashindano ya kunakili: wachoraji waliketi uwanjani kwa safu, wote mbele ya picha ileile, na waliofanya vizuri walizawadiwa hukou ya Shenzhen. Hukou ni usajili wa ukaaji. Bila hiyo unaweza kuishi mjini miaka ishirini na bado mtoto wako akahangaika kupata nafasi katika shule ya umma. Hebu fikiria: unapaka rangi, na kinachotegemea mkono wako kutotetemeka ni shule ya mwanao.

Kisha ikaja dhoruba ya 2008. Soko la nyumba la Marekani lilipoanguka, kuta mpya zikaisha, na alizeti zikakosa pa kutundikwa. Oda zilikauka. Walioweza waligeukia wateja wa nyumbani China, ambao walitaka mandhari ya milima na maji, farasi, maua ya bahati njema. Wengine walifunga wakarudi kwao. Maonyesho ya dunia ya Shanghai ya 2010 yaliwapa heshima ya aina yake: banda la Shenzhen lilipambwa kwa sura kubwa ya Mona Lisa, iliyogawanywa vipande vipande na kuchorwa na wachoraji zaidi ya 500 wa Dafen. Ukiwa mbali ulimwona yeye. Ukisogea, ulikuwa ukitazama viganja vya watu mia tano.

Mmoja wa watu wa Dafen tunamfahamu kwa jina, kwa sababu ya filamu ya hali halisi China's Van Goghs ya 2016, iliyotengenezwa na Yu Haibo na binti yake Kiki Tianqi Yu. Ni Zhao Xiaoyong, aliyetoka familia maskini na kuacha shule mapema. Yeye na jamaa zake walikuwa wamechora nakala za Van Gogh zinazokaribia laki moja. Filamu inamfuata hadi Amsterdam kumtembelea mteja wake wa miaka mingi. Zhao alidhani anachorea jumba la sanaa. Alikuta duka la zawadi za watalii, picha zake zikiuzwa kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyolipwa. Baadaye akasimama kwenye makumbusho mbele ya picha halisi, akatambua kwamba rangi si zile alizokuwa akizipaka maisha yake yote.

Nilitarajia avunjike moyo aache. Aliporudi Dafen alianza kuchora vya kwake: karakana yake, bibi yake kijijini. Na nakala aliendelea nazo, kwa kuwa watu wa nyumbani kwake bado walikula.

Wapo wa kusema kwamba kunakili si utamaduni, ni wizi wenye adabu. China yenyewe haikuwahi kulitazama jambo hilo hivyo. Xie He, mhakiki wa karne ya 6, alitaja kanuni sita za uchoraji, na ya sita ni kuurithisha ufundi kwa kunakili. Na Van Gogh mwenyewe? Alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, 1889 na 1890, alikaa akinakili picha za Millet, moja baada ya nyingine. Swali linalonisumbua mimi ni jingine: nani anaruhusiwa kumaliza kunakili na kuanza kusema chake, na nani analipia muda huo?

Maana leo pesa kubwa za utamaduni Shenzhen haziko kwenye brashi. Ziko kwenye kampuni kama Tencent, iliyoanzishwa huko 1998, yenye michezo ya kompyuta inayochezwa dunia nzima. Na katika mji huohuo alikuwepo Xu Lizhi, kibarua wa kiwanda cha Foxconn aliyeandika mashairi kuhusu mashine na zamu za usiku. Alijaribu kupata kazi ya vitabu, hakufanikiwa. Alijiua mwaka 2014 akiwa na miaka 24. Mashairi yake yakasomwa na wengi baada ya hapo. Mji ulikuwa na mwezi mzima wa kusoma kila mwaka, tangu 2000.

Insha ile niliituma saa tatu na nusu asubuhi. Ilikuwa safi. Ilisema tasnia za utamaduni za Shenzhen zilikua kutokana na sera nzuri, mitaji na ukaribu na Hong Kong, na haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Alama zilizopatikana ni za mwenyewe. Hii hapa imenichukua siku tisa, malipo yake hayafiki nusu ya yale, na jina lililo juu yake ni langu. Jana usiku nimechukua oda nyingine, kurasa sita, masuala ya uuguzi. Nitaianza nikimaliza kuisoma hii mara ya mwisho.